Ukishatuma Simu kwa Simu, Hakuna Kufuta



Kuna swali moja ambalo vijana wa huku Kamukuywa wananiuliza kila wiki, kuliko hata lile la jinsi ya kupata wafuasi. Wananiuliza: "Hii kitu inaitwa torenti, inafanyaje kazi?" Na wanauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha wizi. Wanadhani ni mambo ya wasee wa kompyuta wa Nairobi, wenye waifai isiyolala.

Jibu langu huwa fupi. Ukiwa na Xender kwa simu yako, wewe tayari uko ndani. Umekuwa ndani miaka mingi. Kumtumia mwenzako wimbo kwa Bluetooth mkingoja matatu ya Kitale, hapo ulikuwa unagawana faili mtu kwa mtu. Torenti ni huo mchezo tu, ila wachezaji ni wengi na hawajuani.

Sasa leo nataka nieleze vizuri, kutoka chini kabisa, hata kama hujawahi kugusa kompyuta. Halafu nikimaliza niseme maoni yangu, ambayo najua wengine hamtayapenda. Maoni yenyewe ni haya: hii ndiyo teknolojia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Na kilichonifanya niogope kimetokea hapa hapa kwetu, si Marekani.

Kinu na jirani

Tuanze hivi. Unapotazama video mtandaoni, hiyo video inatoka kwa kompyuta kubwa ya kampuni. Hiyo kompyuta inaitwa seva. Wewe, mimi, na mtu wa Mombasa, sote tunaomba kwa seva ya hao hao wenye kampuni. Ni kama posho mill. Kijiji kizima kinabeba mahindi kwenda kwa kinu kimoja. Kinu kikifanya kazi, maisha ni poa. Stima ikipotea, kila mtu anarudi nyumbani na debe lake la mahindi kichwani. Tena mwenye kinu ndiye anayepanga bei, na ndiye anayejua nani alikuja na nani hakuja.

Mtu kwa mtu ni tofauti. Hiyo ni kama kuazima chumvi. Huendi dukani, unamtuma mtoto kwa jirani. Leo unaomba wewe, kesho yeye ndiye anakuja kwako. Hakuna mwenye chumvi mkuu. Kila nyumba ni duka kidogo, na kila nyumba ni mteja kidogo.

Basi ukielewa hivyo umeelewa nusu. Kwenye mtandao wa mtu kwa mtu, kila kifaa kinatoa na kinapokea. Simu yako ni seva na ni mteja kwa wakati mmoja.

Xender, Bluetooth na yale ya mkononi

Ngazi ya kwanza ni ile ya watu mlio karibu. Bluetooth inafika kama mita 10 hivi kwa simu za kawaida, na iko polepole sana. Filamu ya MB 700 kwa Bluetooth inaweza kukumalizia karibu saa nzima, na mwenzako akiondoka kwenda choo inakatika.

Programu kama Xender na SHAREit, au Quick Share iliyokuja na simu nyingi za Android, zinatumia ujanja mwingine. Simu moja inajigeuza hotspoti ndogo, ile nyingine inaingia, na faili inapita moja kwa moja kwa mawimbi ya waifai. Mnara wa simu hauhusiki. Bando yako haiguswi hata KB moja. Ile filamu ya MB 700 inapita kwa dakika moja au mbili tu, kulingana na simu zenu.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu wa huku. Mimi nilikuwa Form Two mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Wenzetu wa mjini walikuwa wanasoma kwa video za moja kwa moja. Sisi nyumbani tulikuwa na simu moja ya maana, ya mama, na bando ya kununua kwa shilingi 20. Tulichofanya ni hiki: kijana mmoja ambaye kaka yake anafanya kazi Bungoma mjini alikuwa analetewa masomo yakiwa kwa memori kadi. Yeye anatutumia watatu kwa Xender. Sisi watatu kila mmoja anatuma kwa wengine watatu. Jumatatu somo liko kwa simu moja, Ijumaa liko ng'ambo ya mto na liko barabarani kuelekea Misikhu. Hakuna aliyelipa data. Somo la Hesabu lilitembea kwa miguu na kwa boda.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kugawana faili ni mambo ya wezi, nanyamaza kidogo kwanza. Kuna watu walipita mtihani kwa hiyo njia.

Sasa torenti

Xender ina shida moja: lazima muwe mmekaa karibu. Je, kama mwenye faili yuko Kisumu, mwingine yuko Arusha, mwingine yuko Ujerumani? Hapo ndipo torenti inaingia. Na hapa naomba uwe makini, kwa sababu hapa ndipo kila mtu anachanganyikiwa.

Fikiria darasa la wanafunzi 40. Mwalimu wa Biolojia ameandika madokezo ya kurasa 40, nakala moja tu, na ameruhusu kila mtu anakili. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: mnapanga foleni. Wa kwanza ananakili kurasa zote 40, anamaliza, anampa wa pili. Kufikia wa mwisho, mtihani umeshapita. Hiyo ndiyo seva wakati watu ni wengi na mashine ni ndogo.

Njia ya pili: mnachana yale madokezo. Kila mwanafunzi anapewa ukurasa mmoja, anaunakili, halafu mnaanza kubadilishana. "Nipe wa 7 nikupe wa 12." Wote wananakili kwa wakati mmoja, na kila anayemaliza ukurasa anakuwa chanzo kipya cha ukurasa huo. Madokezo ya mwalimu yametoka mezani mara moja tu, na darasa lote limepata.

Hiyo njia ya pili ndiyo torenti. Iliandikwa na Mmarekani anaitwa Bram Cohen, akaitoa mwaka 2001, akaiita BitTorrent. Faili inakatwa vipande. Faili ya GB 1 ikikatwa vipande vya MB 1, unapata vipande 1,024. Vipande havihitaji kuja kwa mpangilio. Unaweza kupata cha 900 kabla ya cha 3, na programu itavipanga yenyewe mwishoni.

Hesabu yake ni tamu. Watu 40 wakitaka faili ya GB 1 kutoka kwa seva moja, hiyo seva lazima itoe GB 40. Kwa torenti, mwenye faili anaweza kutoa GB 1 na kidogo zaidi, halafu wale 40 wanamaliziana wenyewe. Kwa seva, watu wakiongezeka kazi inakuwa ngumu. Kwa torenti, watu wakiongezeka kasi inapanda. Hiyo ndiyo sababu hata kampuni na mashirika makubwa yanaitumia.

Kuna majina machache uyajue. Mwenye faili nzima na anaendelea kuwagawia wengine anaitwa sida, kutoka neno la Kiingereza la mbegu. Yeye ndiye amebaki na mbegu. Anayepokea tu bila kutoa wanamwita ruba, yule mdudu wa kunyonya damu. Faili isiyo na sida hata mmoja inaweza kufa: mnaweza kufika asilimia 98 mkakwama hapo milele, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyewasha kompyuta yake akiwa na vipande vilivyobaki.

Sasa mambo matatu ambayo yanafanya huo mchezo usiharibike. Nitayaeleza kwa lile darasa letu.

La kwanza, ukurasa adimu unanakiliwa mapema. Kama ukurasa wa 31 uko na mwanafunzi mmoja tu, na huyo mwanafunzi anaweza kutumwa nyumbani karo wakati wowote, mnakimbilia wa 31 kwanza. Programu ya torenti inafanya hivyo hivyo. Inatafuta kipande ambacho kiko kwa watu wachache zaidi, inakichukua mapema.

La pili, nipe nikupe. Mwenye kutoa sana anapewa sana. Ukifunga mkono, na wewe unapewa polepole. Lakini mara kwa mara programu inamwonea huruma mgeni asiye na kitu, inampa kipande cha bure ili na yeye awe na cha kubadilishana. Nani aliwaza hiyo? Ni kama nyumbani tu: mgeni halipi chai ya kwanza.

La tatu, ukaguzi. Utajuaje ukurasa uliopewa si wa uongo? Tuseme kiranja ana karatasi imeandikwa: ukurasa wa 1 una mistari 32 na neno la mwisho ni "mizizi", ukurasa wa 2 una mistari 29 na neno la mwisho ni "utomvu". Ukipewa ukurasa usiolingana, unautupa. Kwenye torenti kuna alama ya kila kipande inayoitwa heshi, inakokotolewa kutoka kwa kile kipande chenyewe. Ukibadilisha herufi moja tu, heshi inabadilika. Kwa hivyo unaweza kupokea vipande kutoka kwa watu 50 usiowajua, na bado ukapata faili ile ile iliyotolewa mwanzo.

Lakini sikiza hapa vizuri: heshi inathibitisha kwamba umepata faili ile ile. Haithibitishi kwamba ile faili ni nzuri. Kama aliyeianzisha aliweka virusi ndani, wewe utapokea virusi kamili, bila hitilafu yoyote.

Nani ameshika orodha?

Sasa kuna swali moja: darasani tunaonana. Mtandaoni nitajuaje nani ana ukurasa wa 31?

Zamani kidogo, mwaka 1999, kijana wa chuo Marekani anaitwa Shawn Fanning alitengeneza programu ya Napster. Nyimbo zilikuwa kwa kompyuta za watu, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikuwa kwa seva za Napster wenyewe. Watu walimiminika. Kampuni za muziki zikaenda kortini kabla mwaka haujaisha, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Ilikuwa rahisi kuizima, kwa sababu ilikuwa na mlango wa kubisha. Orodha ikifungwa, mchezo umeisha.

Waliokuja baadaye walijifunza hapo. BitTorrent ilianza na seva ndogo za orodha zinazoitwa traka, ambazo yeyote anaweza kuziweka. Halafu kuanzia 2005 ikaongezwa njia ambayo orodha yenyewe nayo inakatwa vipande na kugawiwa kwa wote. Kila kompyuta inashika kipande kidogo cha orodha. Ile linki ya sumaku unayoiona, herufi ndefu zisizo na maana, ni heshi ya faili tu. Unaingia na hiyo heshi, unauliza jirani, jirani anakuelekeza kwa jirani, mpaka unafika.

Hakuna ofisi. Hakuna meneja. Hakuna wa kumpigia simu.

Wasee wengi wakifika hapa wanashangilia. Uhuru! Na mimi nilishangilia. Lakini nataka usome hiyo sentensi tena polepole: hakuna wa kumpigia simu.

Video ya Agosti

Nyinyi mnaojua Bukusu mnajua Agosti ya miaka shufwa ni ya nini. 2022, 2024, 2026. Vijana wanatahiriwa. Chinyimba zinalia mchana na usiku, watu wanaimba barabarani, na asubuhi kijana anasimama wima mbele ya omukhebi, watu wote wakimtazama. Anatakiwa asitikisike hata kope. Ni siku ya heshima ya boma lote.

Agosti 2024, kijana mmoja, si wa mbali na kwetu, alitikisika. Sitasema jina, sitasema kijiji. Alikuwa mtoto bado. Alitikisika sekunde moja hivi, akashikwa bega, mambo yakaendelea. Zamani ingeishia hapo. Wazee wangenong'ona msimu mmoja, kufikia mavuno ya mahindi watu wamesahau, kijana anakua, anaoa, maisha yanaendelea.

Lakini mtu alikuwa amerekodi.

Hakuiweka mtandaoni. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike. Laiti angeiweka kwenye mtandao wowote mkubwa, kuna kitufe cha kuripoti. Mtoto, uchi, damu: ingeondolewa, labda kwa kuchelewa, lakini ingeondolewa. Yeye aliituma kwa Xender. Sekunde 40 za video, MB chache, hata dakika haiishi. Kwa wenzake wawili, hao wakatuma kwa wengine, na kabla wiki haijaisha mtu ananionyesha mimi nikiwa ndani ya matatu kuelekea Kitale, bila hata kujua kwamba ninamfahamu yule kijana. Nilikataa kuitazama hadi mwisho, na nilikataa kutumiwa. Nikamwambia yule jamaa afute. Akafuta mbele yangu, bila ubishi. Lakini mimi na yeye tulijua hiyo ilikuwa simu moja.

Mama yake yule kijana aliambiwa kwamba mimi ni "mtu wa mtandao". Akaja nyumbani, akasalimiana na kukhu, akakaa. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe unajua mambo ya simu. Nani anaweza kuitoa?"

Sasa nilitakiwa nimwelezee mzazi kile nilichowaeleza nyinyi hapo juu. Kwamba kila simu ni duka. Kwamba hakuna kinu kikuu cha kuzima. Kwamba hata yule wa kwanza akipatikana na kufuta, ile nakala yake haina uhusiano wowote na zile nyingine, kwa sababu kila aliyepokea ana faili nzima, sawasawa na ya kwanza. Nilimweleza kwa Kibukusu, taratibu. Alisikiza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hivyo ni kama maneno ya mdomo." Nikasema ndiyo mama, lakini maneno ya mdomo yanachakaa. Hii haichakai. Nakala ya mia ni safi kama ya kwanza.

Yule kijana sasa anaishi kwa shangazi yake Eldoret. Anasoma huko. Chinyimba zikianza kulia tena, sidhani atakuja.

Upande wa pili wa shilingi

Nina binamu anayepiga benga. Anaimba vizuri, nyinyi wenyewe mmecheza nyimbo zake matangani na harusini bila kujua ni wake. Studio ya wimbo mmoja anajichangia miezi. Akiutoa, wiki hiyo hiyo wimbo uko kwenye kile kibanda cha kujaziwa flashi, nyimbo mia kwa shilingi 50. Boda wote wanao. Mtandaoni wimbo umesikizwa mara mia tatu na kitu. Barabarani kutoka Webuye hadi Kitale unaupata kila matatu ya tatu. Kwa kampuni za kulipa wasanii, yeye ni mtu asiyejulikana. Kwa wananchi, ni staa.

Nilimuuliza kama anachukia. Akanijibu kitu ambacho sikutarajia. Alisema flashi ndiyo ilimletea harusi zote anazoalikwa, na harusi ndizo zinamlisha. Kinachomuuma ni kwamba aliyejaza aliita faili "Luhya Mix 4", jina lake likapotea. "Wangeacha tu jina langu na namba," alisema, "ningewashukuru."

Sasa weka hizo hadithi mbili pamoja. Teknolojia ni ile ile. Simu ni zile zile, labda hata vijana ni wale wale. Mmoja kugawana kulimtoa kwao, mwingine kulimpa kazi. Tofauti haiko kwenye Xender. Tofauti ni kama mwenye kitu alikubali, na kama jina lake lilisafiri nacho.

Sheria nayo inasema karibu hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001: kazi ya mtu ni yake, na kuinakili na kuigawa bila ruhusa yake ni kosa, iwe kwa torenti, kwa flashi au kwa Bluetooth. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na kwa mtoto inataka mzazi akubali. Lakini tuwe wakweli. Polisi hawataingia kila matatu kukagua simu. Kwa mtandao usio na mwenyewe, askari wa kwanza ni kidole chako.

Basi tufanyeje?

Mimi sisemi mfute Xender. Mimi mwenyewe naitumia kila siku. Nasema tuwe na adabu ya kugawana, kama ile tuliyo nayo kwa chumvi na kwa jembe. Kwangu mimi ni maswali mawili kabla ya kugusa "tuma". Mwenyewe angekubali? Na kama ni mtu kwenye video, ningeituma akiwa amesimama hapa ananitazama?

Halafu kwa wale wanaotaka kuanza torenti vizuri, kuna vitu vingi vya halali kabisa, tena vinavyohitaji watu wa kubaki na mbegu:

Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, unatolewa kwa torenti na wenyewe. Ni zaidi ya GB 5, na unaweza kuifufua ile laptopu nzee iliyolala kabatini. Filamu za katuni kama Big Buck Bunny ya 2008 na Sintel ya 2010 zilitengenezwa zigawanywe. Na kile ninachokipenda zaidi, Kiwix: inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Unapakua mara moja, ukitaka kwa torenti, halafu unaweka kwa memori kadi. Wikipedia ya Kiswahili iko hapo, na leseni yake inaruhusu ugawe kwa yeyote. Hiyo unaweza kuijaza simu za darasa zima na hakuna atakayekuja kulia kwa mama yako.

Tahadhari nne za haraka. Moja, torenti inakula data pande zote mbili, kwa kupokea na kwa kutoa. Ukiwa na bando, weka kikomo ama usijaribu kabisa, ngoja waifai. Mbili, kila mtu kwenye kundi anaweza kuona anwani ya IP yako, usidhani umejificha. Tatu, ukitafuta filamu ukapata faili inayoishia na .exe, hiyo si filamu, toka hapo. Nne, tumia programu za wazi kama qBittorrent au Transmission, na uzipate kwa wenyewe.

Na ukimaliza kupakua kitu cha halali, usizime mara moja. Acha kompyuta iendelee kutoa kwa muda. Kuna mtu mahali amekwama kwa asilimia 98.

Kwa upande wangu, nimebadilisha namna ninavyotengeneza video. Kila video sasa ina jina langu na la kila mtu anayeonekana aliyekubali, ndani ya picha yenyewe, wala si kwenye maelezo ya chini, maana maelezo hayapiti kwa Xender. Na wimbo wowote wa binamu ninaoutuma, naubadilisha jina la faili kwanza: jina lake, jina la wimbo, namba ya kumwalika harusini. Inachukua sekunde kumi. Juzi amepigiwa simu na mtu wa Kapenguria ambaye hajawahi kukanyaga Kamukuywa.

Agosti inakuja tena, ya mwaka shufwa. Mtarekodi, najua, na kuna mengi ya kurekodi: nyimbo, chinyimba, mashangazi wakicheza, vumbi lile la barabara. Rekodini hayo, mnitumie. Asubuhi yenyewe ikifika, kijana akisimama, weka simu mfukoni, umtazame kwa macho.